Fungu la Mashine

Bi Mwanapili alikuwa na mashua yake mwenyewe, na hakuwahi kuipanda. Kuelea kulimtia kichefuchefu. Akiingia majini hadi vifundoni kuwapokea wavuvi wake, wimbi likamvuta mchanga chini ya nyayo, hushika bega la aliye karibu na kuanza kumtaja Mola. Sisi wenzake wa karai tulimcheka hadi tukachoka, naye hakuona haya. Alisema mwenye ng'ombe halazimiki kulala zizini.

Nimekaanga naye samaki pale Majoreni tangu ni mwari, kwa hiyo ninayoyaeleza niliyaona, sikuhadithiwa. Watu wa siku hizi wakisikia mwanamke alikuwa na chombo wakati ule, hudhani alirithi kwa mume. Hakurithi kitu. Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, alimwachia kuku wachache na jina zuri, na kuku wenyewe waliibwa. Mashua ile ilitoka ndani ya karai. Alikaanga, akauza, akaweka. Sikukuu zikaja na kupita wenzake tukivaa leso mpya, yeye na zile zile zake zilizopauka, mpaka siku fundi wa Vanga akapiga msumari wa mwisho. Akaiita Sina Makuu, na jina hilo lilikuwa uongo mtupu. Makuu alikuwa nayo tele.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru akanunua mashine ya kuisukuma mashua hiyo, kuukuu kidogo, huko Mombasa. Ilikuwa ya kwanza Majoreni. Ilikuja juu ya basi imefungwa kwa magunia, na wanaume wakaibeba hadi pwani wakiimba. Kabla yake, wavuvi waliingia kwenye mkono wetu wa bahari kwa pondo, ule mti mrefu, wakisukuma matope taratibu, na samaki walifika jua likiwa limeshawaharibu nusu. Mashine ilipokuja, samaki walitua mchangani macho yao bado maangavu. Tuliwakaanga, tukajitwisha sinia, tukaenda kuuza hadi Lunga Lunga na vijiji vya bara ambako watu walikuwa na mahindi na ng'ombe lakini samaki walimsikia tu. Nyumba nyingi kwetu zilikula kwa karai. Yangu ilikuwa mojawapo, na sina haja ya kuficha.

Sasa ijulikane namna tunavyogawana. Kwetu samaki hawagawiwi chumbani. Hugawiwa mchangani, mbele ya macho ya watu. Nahodha hupanga mafungu: la kila baharia, la chombo, la wavu. Mashine nayo ikapewa lake, la kuinunulia petroli na kuitunza. Na ipo ada tuliyoikuta kwa wazee: baharia akiugua, fungu lake halifutwi. Hupangwa pamoja na ya wenzake kama vile amesimama pale, jina lake likatajwa, kisha likapelekwa kwake. Hata awe ameugua hadi kasahauliwa sauti yake, fungu hupangwa.

Nahodha wa Sina Makuu alikuwa Sefu, mpwa wake Bi Mwanapili, kijana hodari na mwenye haraka. Adui wa Sefu ilikuwa mizizi ya mikoko. Njia ya kuingia kwetu imejaa mizizi hiyo chini ya maji, na kila panga la mashine, lile linalozunguka majini, lilipoigusa, kipini kidogo cha shaba kinacholishika panga kilikatika. Hapo ilibidi mashua isimame, Sefu ainame nyuma, achomoe kile kilichovunjika, atie kingine, huku mabaharia wakimtania. Siku moja akachoka. Akatafuta ekseli ya baiskeli kuukuu, akakata kipande cha chuma kigumu sawasawa na kile kipini, akakitia. Wiki kadhaa alitembea kifua mbele. Alitwambia Wazungu hawajui kutengeneza vipini, na sisi wote, na mimi nikiwemo, tukamsifu.

Kisha wakagonga gogo chini ya maji. Kipini kile cha ekseli hakikuvunjika, wallahi, kilikuwa kizima kama siku kilipozaliwa. Kilichovunjika ni tumbo la mashine. Ilinguruma kwa sauti kuu na mashua haikusogea hata shibiri moja. Walirudi kwa pondo jua likiwa utosini, na samaki wengi wa siku ile tuliwatupia paka.

Bi Mwanapili akamwita Mramba, fundi wa mitambo kule kiwanda cha sukari cha Ramisi, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa kila tulipopeleka sinia zetu pale. Mramba alikuwa fundi kweli, na hakuna aliyelijua hilo kumshinda Mramba mwenyewe. Alikuja Jumapili na kofia yake ya kiwandani, akatandikiwa mkeka nje ya jiko, akaifungua mashine huku akitusimulia mitambo mikubwa aliyowahi kuiponya. Alipoufungua mguu, ule mkono mrefu unaoshuka majini, mafuta meusi yakamwagika, na ndani yake meno ya magurudumu mawili yamemeguka kama gunzi lililotafunwa na mbuzi. Kisha akakichomoa kile kipande cha ekseli, akakiinua juu tukione wote. Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Alipopata pumzi akaeleza. Kile kipini cha shaba kiliwekwa makusudi kiwe laini. Kazi yake ni kuvunjika, ili vilivyo ghali zaidi vipone. Sefu alimzuia mtumishi asife, akafa bwana.

Sefu aliinamisha kichwa, na nilimwonea huruma. Bi Mwanapili akamwambia aende akale, chakula kinapoa. Hakumwambia neno jingine juu ya jambo lile, siku hiyo wala baadaye.

Uamuzi wa Mramba ulikuwa mfupi. Kichwa cha mashine ni kizima na kina nguvu ya miaka mingi. Mguu umekufa. Miguu ya namna ile hailetwi tena nchini, na kuchonga meno yale upya hakuwezi, akasema, na akisema yeye hawezi, basi mwingine asijisumbue. Alimshauri Bi Mwanapili anunue mpya. Lakini mashine mpya ilikuwa mali ya kukaangia miaka, na miaka yenyewe hatukuwa nayo.

Habari mbaya ina miguu mirefu. Haikupita juma moja, akaja Bwana Kavumbi na lori lake la barafu. Huyu alinunua samaki pwani nzima ya kusini na kuwapeleka Mombasa mjini. Simsengenyi: alikuwa mtu wa adabu, alivua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, akaulizia hali za watu mmoja mmoja. Alitoa karatasi yenye picha ya mashine mpya, ya kijani, inang'aa. Angeileta bila kutaka hata senti moja mkononi. Alichotaka ni kwamba samaki wote wa Sina Makuu wapandishwe kwenye mizani yake, kwa bei yake, mpaka mashine ijilipe.

Sefu akauliza, hata kitoweo cha nyumbani? Kavumbi akajibu kwa upole kwamba wote maana yake ni wote, maana akiruhusu mmoja wa mchuzi, kesho atakuwa kikapu. Akampa Bi Mwanapili muda wa kufikiri hadi atakaporudi mwisho wa mwezi.

Mabaharia walifurahi. Mashine mpya, jamani, nani asiyeitaka? Sisi wanawake tuliyatazama makarai yetu. Kila mmoja wetu alishaliona karai lake limening'inizwa ukutani, limeota kutu. Nilimtazama Bi Mwanapili, na nasema kweli, alikuwa akiipapasa ile picha kwa kidole, taratibu, kama anayepapasa kitambaa dukani. Nilijua anaitaka.

Jioni yake nilimwuliza waziwazi ataamua nini. Akanijibu akigeuza samaki katika mafuta. "Mwaka jana tulipandisha bendera tukaambiwa hakuna tena kuomba ruhusa. Leo mtu ananipa mashine nzuri, na nitamwomba ruhusa ya kumla changu, samaki wangu mwenyewe. Lakini nikikataa na mashine ikafa, nitawalisha nini nyinyi wote?"

Nilimwambia samaki anaungua.

Siku zile Sina Makuu ilivua karibu karibu tu, kwa pondo na tanga dogo, na samaki walikuwa wachache. Asubuhi moja Sefu akapanga mafungu mchangani kama kawaida. Alipofika kwenye la mashine, Kaingu, baharia wa makamo mwenye watoto wengi, akainama, akawachukua wale samaki na kuanza kuwagawa kwa wenzake. Hakufanya kwa ubaya. Alisema mashine imelala jikoni, haikuvua, na walio hai wana njaa. Wengine wakaitikia kwamba ndivyo.

Bi Mwanapili alikuwa amesimama majini, mkono begani kwangu. Akaniachia, akatembea peke yake hadi pale walipo.

"Kaingu," alisema, "ulipolazwa Msambweni mguu umevunjika, nani alikula fungu lako?"

"Halikuliwa, Bi. Lilifika kwangu."

"Lilipungua?"

"Halikupungua. Wakati mwingine lilizidi."

"Basi na huyu amevunjika mguu. Rudisha."

Kaingu aliinama, akawarudisha samaki mmoja mmoja mahali pao, na hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo Sefu alitaja fungu la mashine kwa sauti, na Bi Mwanapili hakulikaanga wala hakuliuza. Alilipasua, akalitia chumvi, akalianika juani liwe ng'onda. Gunia la mgonjwa, tuliliita, na likawa linanenepa huku mgonjwa mwenyewe amefunikwa mkeka.

Wapo waliosema amerukwa na akili. Mimi nami nilikuwa karibu kusema. Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye maneno ya siku ile hayakumtoka moyoni, naye ni Kaingu. Gunia lilipokaribia kujaa, alikuja jikoni, akabisha hodi, akakaa juu ya kinu, akaanza mbali. Akasema ukitajiwa jambo la kale hukumbuka na mengine yake. Kule Msambweni, kitanda cha pili yake alilala mtunza bustani wa Diani, mtu aitwaye Karisa, aliyekuwa akiugua tumbo. Mtu huyo hakuwa na hadithi ila za bwana wake Mzungu, na moja ilikuwa ya mashine ya mashua ambayo bwana wake aliisahau inawaka mpaka ikaungua kichwa, kisha akaitundika bandani mwa kuku kwa hasira. Kaingu wakati ule alisikiliza kwa nusu sikio, maana mguu ulimuuma. Sasa alitaka kujua: mashine ikiungua kichwa, mguu wake huwaje?

Bi Mwanapili aliliepua karai motoni, na mafuta bado yanachemka. Nilijua mambo yameanza.

Kesho yake walipanda basi, yeye na Kaingu, na gunia la mgonjwa juu ya basi. Ndani ya leso yake alikuwa amefunga lile gurudumu lililomeguka meno, baada ya kumlazimisha Mramba alitoe. Nyumba ya Diani waliikuta imefungwa madirisha. Mzungu alikuwa amerudi kwao na kumwachia Karisa bustani, banda na kila kilichomo. Karisa alimkumbatia Kaingu, akamtaka atembee mbele yake aone kama bado anachechemea. Kisha akawapeleka bandani. Mashine ilikuwa pale, imetundikwa kwenye nguzo, kichwa cheusi tititi kama chungu cha kupikia, na kuku mmoja alikuwa ameatamia chini yake na hakutaka kabisa kusogea.

Kaingu ndiye aliyetueleza yaliyofuata. Bi Mwanapili alimsogeza yule kuku mwenyewe, akadonolewa. Karisa akaleta spana, wakafungua mguu. Ndani mafuta yalikuwa mazito lakini safi. Bi Mwanapili akafungua leso, akatoa gurudumu lake bovu, akaliweka juu ya lile zima, akalizungusha jino kwa jino. Yale yaliyosalia yaliingia barabara. Alikaa chini palepale kwenye mavi ya kuku, na buibui lake, akalia.

Karisa alitaka kumpa bure. Yeye akakataa, akamwachia gunia zima la ng'onda, akisema mgonjwa amejigharimia dawa yake mwenyewe.

Mramba naye alipoona mguu ule alizunguka akiutazama kama mtu aliyeonyeshwa bibi harusi. Alisema alijua tangu mwanzo kwamba ungepatikana. Tulimwacha aseme. Alitoa mguu uliokufa, akafunga ulio hai, akabadilisha mafuta, akasugua hapa na kukaza pale. Kisha tukajaza pipa maji, mashine ikafungwa ukingoni, na Sefu akapewa kamba avute. Alivuta mara ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikawaka, maji ya pipa yakarukia mpaka kwenye paa la makuti, tukaloa sote, wanawake kwa wanaume. Vigelegele siku ile vilisikika mpaka ng'ambo. Bi Mwanapili aliyapangusa maji usoni na kumwambia Sefu jambo moja tu: kipini ni cha shaba. Sefu akamwonyesha mkebe uliojaa vipini vya shaba, ameviandaa yeye mwenyewe.

Bwana Kavumbi aliporudi, alipewa kahawa na jibu. Bi Mwanapili alimshukuru, akamrudishia karatasi yake ya picha, akamwambia atamuuzia samaki siku atakazotaka, kama anavyomuuzia kila mtu. Kavumbi hakukasirika. Aliitazama ile mashine yenye kichwa cha rangi moja na mguu wa rangi nyingine, akatabasamu, akasema Mungu aibariki. Kisha akaenda kwa Jefwa, nahodha na mwenye mashua jirani iitwayo Raha, na Jefwa akakubali kabla kahawa haijapoa. Siwezi kumlaumu. Mashine ile ya kijani ilikuwa nzuri mno. Alipopita nayo mara ya kwanza, mabaharia wa Sina Makuu walitazama chini, na vijana wa Raha wakatuuliza yetu ni mashine au ni pacha walioshonwa. Na sisi tuliobaki na Bi Mwanapili tulisema kimoyomoyo: hebu isizime, Ewe Mola, isizime mbele ya hawa.

Haikuzima. Ilifika siku ya Jamhuri, ile ya kwanza. Kijiji kizima kilikuwa pwani, maana palikuwa na karamu na kila nyumba ilitaka samaki. Tulikuwa tumeshawasha mioto. Lori la Kavumbi lilisimama chini ya minazi, mizani imetundikwa, karani wake tayari. Zilitazamiwa mashua mbili. Kwa muda mrefu haikuonekana hata moja, na nikamwona Bi Mwanapili anatembea huku na huko, amesahau kuogopa maji, yamemfika magotini.

Ndipo tukasikia mngurumo. Ulikuwa mmoja. Sote tuliijua sauti ile, nzito, yenye kikohozi kidogo kwa mbali. Sina Makuu ikachomoza kwenye mikoko, taratibu, imeshiba, na nyuma yake imefungwa kamba, na kwenye kamba inavutwa Raha, bendera mpya mlingotini na mashine ya kijani imeinamishwa nyuma yake. Mzizi ulikuwa umekata kipini chao, na cha akiba walikwisha kukitumia. Sefu alijaribu kuwapa katika mkebe wake, vikawa vinene. Akawatupia kamba. Mguu wa bandani mwa kuku ulizivuta mashua mbili, na samaki wa mashua mbili, kutoka kwenye miamba mpaka mchangani kwetu.

Sijawahi kusikia pwani ikilia kwa furaha vile. Wanawake waliingia majini na nguo zao. Watu walikipiga kile kichwa cha mashine makofi kama wanampongeza mchezaji, mpaka Mramba, aliyekuja kula karamu, akawafukuza akidai kina joto. Kavumbi mwenyewe aliteremka kwenye lori, akampa Bi Mwanapili mkono.

Samaki wakashushwa. Upande mmoja, wa Raha walipita moja kwa moja vikapuni hadi kwenye mizani, karani akipima. Upande wa pili Kaingu alikuwa wa kwanza kuinama. Kabla Sefu hajataja lolote, alichagua kolekole mkubwa kuliko wote, akamlaza mchangani peke yake. "La mashine kwanza," alisema. Kisha ndipo mengine yakapangwa.

Jefwa alikuja mpaka tulipo. Kwetu ukivutwa na chombo cha mtu, unamletea samaki wa shukrani, walau mmoja, na hakuna asiyejua hivyo. Mikono yake ilikuwa mitupu. Aliitazama mizani, akamtazama Bi Mwanapili, akafungua kinywa. Sote tulielewa. Samaki walikuwa wake, na hakuwa na hata mmoja wa kutoa. Wala wa kupeleka kwake siku ya Jamhuri hakuwa naye.

Bi Mwanapili aliinama. Alimwinua yule kolekole wa fungu la mashine kwa matundu ya mashavu, mzito, maji yakimtiririka mkononi, akamweka mikononi mwa Jefwa.

"Mchukue," alisema. "Mashine yangu ilipokuwa mgonjwa, ilikula bila kuvua. Leo imevua, inaweza kumlisha jirani. Wazee walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wewe usiwe wa kwanza."

Jefwa alimpokea kwa mikono miwili, akaenda naye nyumbani kupitia kando ya lori, na karani hakumwita.